Dakika Mbili za Toralmira

Msiniulize nilifikaje Toralmira. Wasafiri wa siku hizi hujaza kurasa kwa habari za tiketi na mabegi yaliyopotea, nami sina subira hiyo. Mimi ni Kidawa binti Shemzigwa, wa Korogwe, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Kazi yangu ilikuwa kuandika lililosemwa na aliyelisema, basi. Haya nayaandika vivyo hivyo, na palipo na maoni yangu nitasema kuwa ni yangu.

Toralmira ni nchi ndogo, na nchi yenyewe ni uwanja. Mashamba yapo, vilima vipo, mizeituni ipo, lakini ukiwauliza watu wake nchi yao iko wapi watakuonyesha ule uwanja wa mawe katikati ya mji. Yaliyobaki wanayaita "huko nje". Nilipoingia kwa tao la kusini mara ya kwanza nilisimama nikashika mdomo. Jamani! Pande nne za majengo ya ghorofa tatu, zote za mawe ya rangi ya asali. Chini, baraza ndefu inayozunguka yenye matao themanini na manane. Juu, roshani za chuma zaidi ya mia mbili, kila moja na chungu chake cha maua, na kwenye kilele cha mnara wa saa korongo wawili wamejenga kiota, wanagonganisha midomo yao mchana kutwa. Jua la mchana lilipoyapiga yale mawe, ukuta mzima uliwaka. Nimeona majengo makubwa kuliko hayo. Sijaona mengine yanayokufanya ushushe sauti bila kuambiwa.

"Usisimame," mtu akaniambia ubavuni.

Alikuwa bwana mwembamba, koti jeusi limepigwa brashi mpaka linang'aa. Jina lake Eulogio, na cheo chake Karani wa Salamu. Niliposikia karani nilifurahi, nikajua nimepata ndugu.

"Kwa nini nisisimame?"

"Anayesimama uwanjani hana maoni. Tembea, mama, tutaongea huku tunakwenda."

Basi tukatembea, na kwa kutembea nikaijua katiba yao. Toralmira hawana bunge la kukaa. Hoja ikitolewa, raia huingia uwanjani wakazunguka. Anayeikubali hufuata mwendo wa mshale wa saa. Anayeikataa huenda kinyume. Kwa hiyo kila mtu hukutana uso kwa uso na mpinzani wake mara mbili katika kila mzunguko, na sheria inasema wanapokutana ni lazima wasalimiane na waulizane habari za nyumbani. Aliyebadili mawazo hageuzi maneno, hugeuza miguu. Aliyesimama amejitoa. Saa ikigonga kumi na mbili jioni, wanahesabiwa, na upande wenye watu wengi ndio sheria.

"Na wakigombana?" nikauliza.

"Utagombanaje na mtu uliyetoka kumwuliza hali ya mama yake?"

Nilikumbuka mabaraza yetu, viti vinavyorushwa na vipaza sauti vinavyonyang'anywa.

"Sheria ina kifungu kimoja zaidi," Eulogio akasema. "Jibu la salamu liwe la kweli."

"Na hiyo kweli nani anaikagua?"

Akakohoa. "Mimi hukagua kama salamu imetolewa. Tukianza kukagua kweli, mama, kazi haitaisha. Tangu enzi za babu wa babu yangu, kila mtu hujibu 'hawajambo'. Wewe je, nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote?"

"Wote," nikajibu upesi, jinsi ninavyojibu siku zote.

Akanitembeza. Kwenye ukuta wa jengo la halmashauri kuna kibao cha jina la uwanja, na hicho kibao kimechomoza kutoka ukutani urefu wa mkono mzima. Nikauliza kulikoni. Kumbe uwanja umebadilishwa jina mara kumi na nne. Uliwahi kuwa Uwanja wa Mfalme, wa Katiba, wa Mfalme tena, wa Jamhuri, wa Jemadari, wa Amani, na mengine. Sheria inakataza kung'oa kibao chochote, maana aliyeng'oa jana huja kung'olewa kesho, kwa hiyo kila utawala hupigilia cha kwake juu ya cha mwenzake. Kuna ofisa wa misumari, analipwa mshahara, na misumari yake kila mara inakuwa mirefu zaidi. Wananchi wenyewe hawatumii jina hata moja. Wanasema tu, "Tukutane uwanjani."

Chini ya tao la ishirini kuna duka la vitabu, na mlangoni pana ndoo ya maji imejaa pomoni. Hapo ndipo walipowachoma watu kwa kosa la kusoma, zamani za makasisi wakali. Tangu siku walipotubu, sheria inamtaka muuza vitabu aweke ndoo ya maji mlangoni kila siku, na mkaguzi hupita asubuhi kutia kidole. Nikatia kidole na mimi. Maji yalikuwa mapya.

Pia walikuwa wakiua ng'ombe dume pale kwa mchezo, watu wakishangilia kutoka roshanini. Sasa kila mwaka wanamleta dume mmoja, wanamfunga kamba laini, na Mwenyekiti wa Halmashauri anamsomea waraka wa kuomba radhi. Halafu wananchi wanazunguka siku nzima wakijadili kama dume amekubali. Mwaka jana walioamini amekubali walishinda kwa watu saba. Nilitaka kucheka, lakini nikawaza ni nchi ngapi zimemwomba mtu radhi, sembuse ng'ombe.

Saa ya mnara ilinishangaza zaidi. Ni kubwa, namba zake zimepakwa dhahabu, na ina mshale mmoja tu, ule wa saa. Wa dakika haupo.

"Madiwani wawili waligombana nani kachelewa," Eulogio akaeleza, akitazama kando. "Ikaamuliwa dakika ziondolewe."

Aliyatamka maneno yale bila pumzi, na mimi nimewasikia mashahidi wengi waliofundishwa cha kusema. Nikaandika tu.

Hapo Eulogio akakutana na mtu aliyemfahamu, na karani wa salamu akianza kusalimiana usimsubiri. Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, jua kali, na magoti yangu si ya kuazima, ni yangu na ni mabovu. Nikasogea barazani. Chini ya tao la arobaini na moja kulikuwa na meza ndogo na viti viwili vya mbao. Kimoja kilikuwa na mtandio umetundikwa. Cha pili kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi, kinatazama uwanja. Hapakuwa na mtu. Nikasema, jinsi nilivyolelewa, "Samahani, mwenye kiti, nipumzike kidogo." Nikakaa.

Uwanja ulinyamaza, na kwa jinsi ulivyonyamaza niliisikia midomo ya korongo. Watu waliokuwa wakitembea, wale wasiosimama, walisimama wote.

Kutoka kwenye chemchemi akaja bibi mmoja mfupi, ana kikombe kilichotoka kuoshwa mkononi. Hakupiga kelele. Alikiweka kikombe mezani polepole, akaniinamia.

"Inuka, mwanangu. Taratibu."

Nikainuka. Yeye akaweka kiganja pale nilipokuwa nimekaa, akakiacha hapo kitambo.

"Kimepata joto," akasema.

Eulogio akafika anahema, uso umempauka. "Mama Kidawa," akasema, "umemuua mtu."

Mtume! Nilitazama chini, nyuma, kila mahali, sikuona maiti. Ndipo nikaelezwa sheria ya viti, nami naieleza hapa kwa ufupi. Mtu wa Toralmira akiondoka kwenye kiti chake uwanjani akamwambia mwenzake "nilindie", kiti hicho ni chake mpaka arudi. Akichelewa siku moja ni chake, akichelewa miaka ni chake. Katika Daftari la Uwanja kila raia ana neno moja mbele ya jina lake: Yupo, Amekufa, au Bado. Mwenye kiti kilicholindwa huandikwa Bado. Lakini mtu mwingine akikikalia kile kiti, kwa kujua au kwa kutojua, mwenyewe huandikwa Amekufa, na kiti huondolewa. Alama haziwekwi, kibao hakiwekwi. Wenyeji wote wanavijua.

"Vilikuwa kumi na saba," Eulogio akaniambia. "Wakati wa Jemadari, yule wa kibao cha tisa, watu kumi na saba walichukuliwa hapa hapa uwanjani. Viti vikabaki. Kimoja kikakaliwa na mlevi. Kimoja na askofu, mzito huyo, alikuwa mgeni kama wewe. Kile cha Teodoro Valkarse kilikaliwa na mwanawe wa miaka minne. Alitaka kumwonyesha mama yake kwamba amekua, miguu inakaribia kugusa chini." Akashusha sauti. "Huyo mwana ndiye Bwana Prudensio, Mwenyekiti wetu wa sasa. Hiki ulichokikalia ndicho kilichobaki peke yake."

Bibi yule alikuwa Leokadia Tordeya, miaka themanini na moja. Kiti kilikuwa cha kaka yake, Anselmo, aliyekuwa akipanga herufi katika kiwanda cha kuchapa magazeti. Nikamwamkia, nikapiga magoti hayo mabovu, nikamwomba radhi. Akaniketisha, si kwenye kiti kile, kwenye cha kwake, yeye akabaki amesimama.

"Alikuwa anakunywa kahawa," akasema. "Wakaja watu wawili wenye makoti. Wakamwambia, 'Tunakuhitaji dakika mbili tu.' Akaniambia, 'Leokadia, nilindie kiti.' Nikasema, 'Kahawa itapoa.' Akasema, 'Kwa dakika mbili?'" Akatazama mnarani. "Kesho yake fundi wa saa alipanda akaung'oa ule mshale. Alisema mtu asije akasema dakika mbili zimepita. Ni miaka hamsini na mitatu sasa."

Niliitazama ile saa ya dhahabu yenye mkono mmoja. Mji mzima umeishi nusu karne bila dakika kwa ajili ya mtu mmoja, na umetunga uongo kuhusu madiwani wawili ili wageni wasiulize zaidi.

Na sasa nimekuja mimi, na makalio yangu ya Korogwe.

Kesho yake nikaitwa shaurini. Shauri lao husikilizwa chini ya matao, na hoja ilisomwa hivi: "Kwamba Anselmo Tordeya amefariki tangu Jumanne saa nane mchana, kwa kukaliwa." Hakucheka mtu. Bwana Prudensio Valkarse alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mpole, suti nzuri, macho yamechoka. Nilitarajia jitu baya, ningefurahi kumchukia. Alieleza kwa utulivu kwamba halmashauri imepanga kujenga Mnara wa Kuwakumbuka Wasiorudi, mnara wa marumaru, na wataalamu wameona mahali panapofaa ni chini ya tao la arobaini na moja.

"Mahali pa kiti?" nikauliza.

"Mahali pa kiti," akasema. "Kiti kilikuwa kikizuia ukumbusho."

Nikaangalia kama kuna aliyeshtuka. Walikuwa wanatikisa vichwa kukubali, baadhi wamelengwa na machozi, maana mchoro wa mnara ulikuwa mzuri kweli.

"Bi Kidawa," Mwenyekiti akaendelea, "kabla hujakaa, ulisema neno?"

"Nilisema: samahani, mwenye kiti, nipumzike kidogo."

Akashtuka. "Mimi sikukuruhusu! Wala sikuwepo."

"Si wewe, baba. Mwenye kiti chenyewe."

Hapo watu wakacheka kidogo, na Eulogio akanidokeza sikioni: sheria yao inasema anayekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hajakalia kiti, ametembelea kiti. Na anayetoa ruhusa ni lazima awe hai. Nikaielewa mara moja, nimezaliwa mahakamani mimi. Ningesema nimejibiwa, Anselmo angekuwa Bado.

"Na yeye alikujibu?" Prudensio akauliza, na sauti yake, nakula kiapo, ilikuwa inaniomba niseme ndiyo.

Bibi Leokadia alikuwa mbele yangu, mikono juu ya fimbo. Miaka thelathini na mmoja nimewaapisha watu na sijaandika uongo hata mmoja niliojua kuwa ni uongo.

"Hapana," nikasema. "Hakujibu."

Watu wakashusha pumzi. Nilitamani ardhi ipasuke nijifukie. Tulipotoka nilimfuata bibi nikiwa nalia waziwazi, nikamwambia, "Nisamehe, ulimi wangu umekataa."

"Ungesema amekujibu ningekuuliza sauti yake ikoje," akasema. "Bora ulivyosema. Kesho nitatembea."

Alhamisi saa sita mchana kengele ikagonga, raia mia nne na saba wakaingia uwanjani. Mimi ni mgeni, na mgeni hana mwelekeo, kwa hiyo niliwekwa kando ya kile kiti nikilinde kisikaliwe mara ya pili. Hoja ikasomwa. Wakageuka kufuata mshale, mmoja mmoja, kumi kumi, wote. Si kwa ubaya. Niliwasikia wakisema, "Apumzike sasa, maskini," na sikujua wanamsema kaka au dada. Watu mia nne na sita wakaenda upande mmoja. Bibi Leokadia akagongesha fimbo yake, akaenda upande wa pili peke yake.

Nikawaza, huyu hatamaliza mzunguko mmoja. Nilisahau salamu.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mwoka mikate, mama wa makamo, jina lake Brijida. Akasema kwa mazoea, "Nyumbani hawajambo, Leokadia?"

"Anselmo bado hajarudi," bibi akajibu. "Na kwako hawajambo?"

Brijida alibabaika. "Hawajambo." Akapita.

Akaja wa pili. "Nyumbani hawajambo?"

"Anselmo bado hajarudi. Na kwako?"

"Hawajambo."

Wa tatu, wa kumi, wa hamsini. Nilimwona Eulogio akipekua kitabu chake cha kanuni, anatafuta kama jibu lile linaruhusiwa. Liliruhusiwa. Lilikuwa ndilo jibu pekee halali lililowahi kusikika pale, maana lilikuwa kweli. Na hakuna wa kumkwepa: asiyesalimu anatolewa, na anayesimama amejitoa. Kila mmoja wa wale watu mia nne na sita alipaswa kumtazama usoni, amwulize habari za nyumbani, asikie, kisha aulizwe yeye. Mara mbili kwa mzunguko. Mzunguko wa kwanza peke yake ulikula karibu saa nzima, na bibi hakuharakisha, wala hakupandisha sauti. Alijibu kila mmoja kana kwamba ndiye wa kwanza kumwuliza.

Katikati ya mzunguko wa pili Brijida alikutana naye tena. Akauliza, akajibiwa, akaulizwa. Akafungua mdomo.

"Hawa..." akasema. Aling'ang'ana na neno lile, shingo imemsimama mishipa. "Mjomba Fermini bado hajarudi," akasema, na sauti ikamkatika.

Akageuka. Nilimwona akigeuka, mama mnene na aproni yake ina unga, akaanza kutembea nyuma ya bibi. Na sasa waliokuja mbele walilazimika kuwasalimu wawili.

"Nyumbani hawajambo?"

"Anselmo bado hajarudi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Fermini bado hajarudi. Na kwako?"

Sijui niielezeje. Nimeandika maneno ya watu maisha yangu yote na hapa kalamu inaniangusha. Ule uwanja uliokwisha kuona wafalme, moto, ng'ombe na mapinduzi, majina kumi na manne ukutani, ulianza kutaja majina ambayo hayakuwahi kupigiliwa popote. Likatajwa moja hapa, likaitikiwa moja kule upande wa pili wa chemchemi. Viti vilikuwa kumi na saba tu, lakini majina yalizidi kumi na saba. Kumbe kila nyumba ilikuwa na wake: aliyekwenda nchi za watu akaacha kuandika, binti aliyefukuzwa na baba yake, mume aliyetoka kununua kibiriti. Mawe yalirudisha sauti, matao yakazibeba kuzunguka, na mimi kando ya kiti nikaushika mgongo wake.

Ilipofika saa kumi na moja, umati ulikuwa umegawanyika karibu sawasawa. Wengi walibaki na upande wao, nami lazima niseme walikuwa watu wema, walitaka yaishe. Bwana Prudensio alikuwa akitembea mbele yao tangu mchana, na kila alipokutana na bibi alijibu "hawajambo", mara kumi sasa, na kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Katika mzunguko wa mwisho walikutana mbele ya tao la arobaini na moja, hatua tatu kutoka nilipo. Kwa hiyo haya sikuambiwa, niliyasikia.

"Nyumbani hawajambo, bibi Leokadia?"

"Anselmo bado hajarudi. Na kwako hawajambo, mwanangu?"

Alikuwa bado anatembea, maana kusimama ni kujitoa, lakini alitembea papo hapo, miguu inapanda na kushuka mahali pamoja. Alikitazama kile kiti. Halafu mzee mzima, Mwenyekiti wa nchi, akasema kwa sauti ya mtoto:

"Sikujua ni cha baba. Nilitaka tu mama anione."

"Najua," bibi akasema. "Tulikuwepo. Sasa jibu salamu."

"Baba bado hajarudi."

Akageuka. Saa ikagonga kumi na mbili.

Walipohesabiwa, waliofuata mshale walikuwa mia moja tisini na wanane, na waliokwenda kinyume mia mbili na tisa. Eulogio akafungua Daftari la Uwanja mbele ya wote. Mbele ya jina la Anselmo Tordeya aliliacha neno lilelile: Bado. Kisha, kwa agizo la Mwenyekiti, akarudi nyuma kurasa nyingi, akafuta neno moja mbele ya jina la Teodoro Valkarse na kuandika lingine. Kalamu ilikwama kwa sababu karatasi ilikuwa imelowa, nadhani kwa machozi ya Eulogio mwenyewe. Msingi wa mnara ulikuwa umekwisha kuanzwa, hatua chache kutoka kwenye kiti. Hawakuubomoa, sheria yao haibomoi kitu. Watu waliochoka miguu walikuwa wamekwisha kukaa juu yake wakivua viatu.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga bibi Leokadia. Alikuwa na kahawa mbili mezani.

"Kiti chake bado kina joto kidogo," akaniambia, na akacheka kwa mara ya kwanza. "Safari njema. Nyumbani wasalimie."

"Zimefika," nikasema, na nikaondoka haraka kwa sababu ya jambo ambalo sikumwambia, wala ninyi sikuwaambia.

Nina kaka, Hoza. Alikwenda kutafuta vito, mawe ya rangi, bonde la Umba, akasema atarudi baada ya mvua. Mvua zikaisha, miaka ikaisha. Ndugu wakataka nyumba yake igawanywe, shauri likaletwa mahakamani kwetu, hakimu akaamuru, na karani aliyeandika maneno "achukuliwe kuwa amekufa" kwa mwandiko mzuri, bila doa, ni mimi. Tangu siku hiyo nikiulizwa habari za nyumbani nimejibu hawajambo wote. Ni miaka kumi na tisa.

Nimefika Korogwe juzi Jumapili. Jirani yangu, Mama Chausiku, alikuwa anapita na beseni la vitumbua kichwani, akaniona nafungua mlango.

"Umerudi! Za safari? Nyumbani hawajambo?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilisikia linavyotaka kutoka lenyewe.

"Kaka Hoza bado hajarudi," nikasema.

Mama Chausiku alisimama. Alilitua beseni chini, mavumbini, yeye anayelinda beseni lake kuliko macho.

"Nilidhani mmemkatia tamaa ninyi," akasema. "Mimi kila Idi humwombea. Niliogopa kukuuliza." Akafuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kwangu bila hodi na kutoka amebeba kiti, kile cha jikoni, cha miguu mifupi. "Alikuwa anapenda kukaa wapi?"

Nikamwonyesha.